Siku Tuliyolisukuma Lori la Hifadhi

Nataja kwanza waliokuwepo, maana habari isiyo na mashahidi ni uvumi. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mke mwenzangu, mkubwa wangu, ambaye tumekaa naye mji mmoja tangu mume wetu yu hai mpaka tulipomzika. Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye mzee wa kijiji. Alikuwepo mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, na mimba yake kubwa. Alikuwepo mkwe wetu aliyemwoa binti wa dada yangu. Huyo alikuwa askari wa hifadhi na ndiye aliyeendesha boti. Na rafiki yangu, mama wa Kiorma anayetuletea maziwa. Majina yao yote ninayo, hata la dereva wa lori na la utingo wake, lakini wako hai na wana watoto. Sitayaandika.

Hifadhi yetu ilikuwa ndogo. Msitu wa kando ya mto, lango la miti, bango, nyumba mbili za mabati na boti moja ya injini. Wageni walitoka mbali kuja kuwapiga picha kima wetu. Kwao wao hifadhi ilikuwa ni kima. Kwetu sisi ilikuwa ni boti. Mto ukijaa, barabara yetu ya udongo humezwa yote, na kutoka kijijini mpaka lami kule upande wa Minjila huwa ni maji tu, na mamba ndani yake. Basi mkwe wetu alitupakia: wagonjwa, watoto wa mtihani, hata maiti.

Mjukuu wangu alipasuliwa kwa uzazi wake wa kwanza. Daktari alimwambia waziwazi, huyu wa pili asizaliwe nyumbani, uchungu ukianza tu aje mbio. Sisi tukasema, mvua ikiwa mvua, boti ipo.

Redio ilikuwa imesema serikali haina fedha, na sehemu kama zile zitafungwa. Lakini redio husema mengi. Mkwe wetu naye alikuwa amewaandikia wakubwa wake kuomba injini mpya, ile ya zamani ilikuwa ikikohoa. Kwa hiyo tuliposikia lori la hifadhi limeonekana njiani, kijiji kizima kilijua ni injini. Hakuna aliyeuliza. Tukachinja mbuzi, tukapika wali wa mpunga wetu wenyewe, tukakaanga na kambare. Wanawake wakapiga vigelegele lori lilipoingia.

Rafiki yangu wa maziwa alisimama kando na kibuyu chake.

"Lori tupu hiyo," akasema. "Lori ya kuleta kitu inakuja nzito. Hii inaruka-ruka kama ndama."

"Wewe jua ng'ombe wako," mke mwenzangu akamjibu. "Mambo ya malori tuachie sisi."

"Ng'ombe anakuja kunywa maji na ng'ombe anakuja kuhama, mimi naona tofauti."

Tulimcheka. Na yeye akacheka, akawamiminia wageni maziwa.

Mimi ndiye niliyewanawisha mikono. Nilipita na birika na beseni, mgeni mmoja mmoja, nikaanza na mkubwa wao. Alikuwa kijana mpole, wa rika la wajukuu zangu. Alikula vizuri. Alipomaliza akashukuru Mungu, akashukuru sisi, kisha akasimama na uso wake ukabadilika.

"Wazee wangu, sijui niseme vipi," akasema. "Bajeti imekatwa. Lango linafungwa leo. Askari watahamishwa, na mali yote ya hifadhi inarudi makao makuu."

Mke mwenzangu akauliza: "Msitu unafungwaje, mwanangu? Kima mtawaachia ufunguo?"

Watu wakacheka, na yule kijana akacheka pia. Kile kicheko kiliniuma kuliko yale maneno. Mkwe wetu alivua kofia yake akaitazama. Hata yeye hakuwa amejua.

"Na boti?" mjukuu wangu akauliza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono tumboni.

"Boti ni mali ya hifadhi, dada."

"Mimi nitapita wapi?"

Kijana akaniambia mimi, "Nyanya, mimi ni mtu wa kutumwa."

Kwetu mgeni uliyemnawisha mikono humzuii njia siku ile. Utagombana naye kesho, utampeleka kwa chifu, utamlaani ukitaka, lakini siku aliyokula kwako anaondoka salama. Hiyo si yetu sisi Wapokomo peke yetu, hata Waorma wanayo. Basi tulisimama tukatazama. Waling'oa bango. Waliitoa injini majini, kisha boti yenyewe wakaipandisha kwa kamba. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele asubuhi walikuwa wakilia, na masufuria bado hayajaoshwa.

Vijana wetu hawakutaka kusikia. "Wazee, hapa tumechezwa!" mmoja akapaza sauti. "Wao wameshiba, sisi je? Tulaze gogo barabarani."

Shemeji akawakemea. Wakanuna, lakini wakatii.

Na tazama kazi ya Mungu. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha usiku wa jana yake, na ule udongo wetu mweusi ukilowa hushika kama gundi. Lori halikufika mbali. Tairi za nyuma zikazama, likakaa pale na boti yetu mgongoni. Vijana wakashangilia. Mimi nilisema kimoyomoyo, alhamdulillahi. Nikamtazama mjukuu wangu, naye kwa mara ya kwanza tangu mchana alikuwa anapumua.

Jua likaanza kushuka. Wale wageni walikuwa wamejaa matope, wanachimba kwa mikono. Shemeji akavua viatu.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kuwasukuma."

"Shemeji! Mtoto huyu atapita wapi?"

"Shemeji, umewanawisha wewe mwenyewe. Walale njiani na nyati, tuseme nini kwa watu?"

"Tuseme lori lilikwama! Kukwama si dhambi yetu!"

Aliingia kwenye matope, akaweka bega. Wanaume wakafuata mmoja mmoja, wakikata matawi ya kuweka chini ya tairi. Hata wale vijana wa gogo walikwenda, maana huwezi kumwacha mzee asukume peke yake. Mkwe wetu alisukuma akilia. Lori likanguruma, likatoka. Yule kijana akachungulia dirishani, akasema ahsanteni.

Baadaye ndipo tulipogomba, wakati kugomba hakufai kitu. Tulikwenda barazani, wanawake tukaketi mbele ya mlango wa ofisi mpaka jua la utosi. Chifu alisema atapeleka maneno juu. Watu wa Tarasaa na Kilelengwani walituonea huruma. Maneno yalikwenda juu, hayakushuka.

Tulipanga mjukuu ahamie Tarasaa kwa shangazi yake, awe upande wa lami kabla ya mafuriko. Maji yakatangulia. Yalikuja kutoka juu bila mvua kwetu, asubuhi tukaamka barabara haipo, na ile hofu ikamletea uchungu kabla ya wakati. Tulimlaza kwenye mtumbwi, mkwe wetu, ambaye barua yake ya uhamisho ilikuwa haijafika, na shemeji wakiusukuma kwa pondo, mimi nimeshika kichwa chake mapajani. Mkondo ulitusukuma vichakani. Boti ingekuwa imeshafika. Tulipoigusa lami mtoto alikuwa tumboni bado, lakini hakucheza tena. Gari lilipatikana. Mama aliokolewa. Mtoto, wa kike, tulimzika sisi.

Mjukuu hazungumzi na shemeji. Shemeji naye amezeeka ghafla, hula kidogo. Watu humwambia, mzee, lori lile lingetoka tu, dereva alikuwa hodari. Wengine wanasema lilizama mpaka ekseli, bila sisi lingekaa mpaka mafuriko. Mimi nilisimama mbali, na macho yangu si ya kutegemewa. Kama ulikuwepo na uliona zile tairi zilizama kiasi gani, na nimeandika vibaya, nisahihishe. Njoo umwambie na yeye.