Unga wa Muhogo kwenye Injini ya Abdulazizi

Mpwa wangu Abdulazizi amerithi mambo mawili kwangu: urefu na ubishi. Akili ya injini hakuirithi, wala simlaumu, maana akili ya namna hiyo Mwenyezi Mungu haigawi kama sadaka ya Ijumaa. Mie shule niliishia darasa la nne. La tano nililiona dirishani. Lakini nimekuwa utingo wa malori miaka kumi na moja baina ya Dar es Salaam na Lindi, enzi zile barabara ni tope na mchanga, na gari likikohoa Ikwiriri mie nikiwa Kibiti nitakwambia linaumwa wapi. Watu husema najisifu. Sasa nani mwingine atanisifu, na wote niliowafundisha kazi wana roho kama ganda la korosho?

Abdulazizi alizaliwa Mkongo kwa dada yangu Mwantum, katikati ya mpunga. Alipopata nguvu akashuka delta kukata boriti za mikoko. Miaka minane, matope magotini, mbu wanamla yeye na yeye anakula ugali wa muhogo. Akarudi, akalima ufuta Kibiti misimu mitatu, na wa nne akanunua kirikuu, vile vigari vya mizigo ambavyo injini zake zimelala chini ya viti. Siku alipokileta nyumbani alilala ndani yake. Mkewe Habiba mpaka leo humuuliza, "Hivi uliniposa mie au uliposa bodi?"

Huwezi kumsimulia Abdulazizi ukamwacha Saadi. Saadi ni mtoto wa Wamatumbi waliohamia Kibiti kutoka vilimani, na ukoo wao na wetu ni watani tangu babu zetu. Wawili hawa waliingia jando mwaka mmoja, wakalala mkeka mmoja, wakalia kilio kimoja, ingawa kila mmoja anaapa aliyelia ni mwenzake. Dada yangu ndiye aliyewapelekea uji wote wawili. Saadi naye ana kirikuu. Wakikutana hawatoi salamu ya heshima hata siku moja.

"Hujafa tu, wewe?"

"Nakungoja utangulie, nirithi kanzu."

Ndivyo utani ulivyo. Mtani akikutukana, amekusalimu. Akikuchukulia jogoo wako, unacheka, na kesho wewe unakwenda kwake kuchukua bata.

Basi mwaka huu akatokea Mwanaharusi, mama mmoja mfanyabiashara wa samaki na kamba pale Nyamisati. Alitaka gari la kupandisha mzigo wake mpaka Kibiti, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Kwa mtu wa kirikuu hiyo ni kazi ya kumtoa kwenye kubeba nazi za watu na magodoro ya wapangaji. Lakini Mwanaharusi alikuwa ameumwa na nyoka. Dereva wake wa zamani injini ilimfia njiani, oili yote imekwisha kuvuja, barafu ikayeyuka, samaki wakaoza. Akamwambia Abdulazizi, "Njoo Jumamosi ya wiki ijayo. Nitatandika boksi chini ya gari lako, tunywe chai. Boksi likibaki kavu, kazi ni yako. Likidondokewa tone moja, chai umekunywa, nenda salama."

Abdulazizi akarudi akiimba. Habari hiyo alimpa mkewe, akanipa mie, akampa na Saadi.

Jumanne asubuhi, uani kwake, chini ya gari, doa jeusi limekaa kama jicho la mbuzi.

Mie sikuwapo. Nilikuwa Mloka kwenye shamba la mkwe wangu, tunagombana na tembo, na tembo walikuwa wanashinda. Ningalikuwapo, hadithi hii ingekuwa na mistari mitatu. Aliyekuwapo ni Saadi. Alikuja na spana zake, akavua shati, akaingia chini ya gari bega kwa bega na mwenzake, simu mdomoni inamulika.

"Gasketi ya juu hii," akasema.

Wakainua viti, wakafungua kifuniko cha injini, wakaweka gasketi mpya. Jumatano doa lipo. "Basi filta." Wakabadili filta. Alhamisi doa lipo, na limenenepa. Habiba aliwapikia siku zote tatu. Siku ya tatu akachinjisha kuku kwa ajili ya mgeni anayejitolea.

Saadi akala paja, akajifuta mkono, akatikisa kichwa kama daktari. "Mtani, hii ni oili sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili. Lazima giaboksi ishuke. Wiki nzima hiyo."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi zipo nyingi."

Ijumaa baada ya swala nikashuka kwenye bodaboda. Nikamkuta mpwa wangu amekaa juu ya tofali, jeki ubavuni, anajiandaa kushusha giaboksi peke yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani amekwambia ushushe?"

"Saadi."

"Saadi amesomea wapi?"

"Mjomba, na wewe umesomea wapi?"

Ubishi huo, si nilisema? Nikamwambia weka spana chini, lete mafuta ya taa na sabuni ya unga. Tukaiosha injini yote, juu mpaka tumboni, tukaikausha kwa matambara mpaka ikang'aa kama bwana harusi. Halafu nikamwita Habiba. "Mwanangu, niletee unga wa muhogo, kilo moja."

"Mjomba, mna njaa saa hizi?"

"Anayekula ni injini."

"Kha! Unga nimeutwanga jana, mikono ina malengelenge!" Lakini akauleta, amenuna.

Jambo lenyewe halina uchawi. Oili ikivuja, upepo wa safari huirusha nyuma, ikasambaa kila mahali, ukadhani imetoka huko ilikofika. Kwa hiyo unapaka injini unga, nyeupe yote, unaliendesha gari robo saa, halafu unaingia chini na kufuata mlizamu, oili ilikopita. Unga mkavu hauna kosa. Unga uliolowa ndio shahidi.

Abdulazizi akazunguka mpaka sokoni na kurudi. Tukalala chini. Juu kweupe. Nyuma, kwenye ile oili sili, kwa juu kweupe pepepe. Ila chini kabisa, kwenye nati ya sampo, pale pa kumwagia oili chafu, unga ulikuwa umelowa duara, na toka hapo mstari mweusi unarudi nyuma mpaka giaboksi.

"Nati tu?" Abdulazizi akasema, akacheka kwa furaha. "Mjomba, nati tu!"

Tukakinga karai, tukaifungua. Ilitoka kwa vidole, bila spana. Haikuwa nati ya gari hilo. Ilikuwa nyembamba kuliko tundu lake, na mtu alikuwa ameizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba mara nyingi, ili ishike. Na washa yake, ile pete ya shaba ya kuzibia, haipo.

Mie nilijua. Lakini jambo kama hilo humwambii mtu, unamuuliza. "Mara ya mwisho nani amemwaga oili?"

Abdulazizi akahesabu siku kwa vidole, akanieleza. Wiki iliyopita, siku ya pili tu baada ya kumweleza Saadi habari za Mwanaharusi, Saadi alimwambia, "Wewe nenda msikitini, mie nitakumwagia oili, nitaswali nyumbani." Yeye akamwona ana upendo. Mie ningemwona ana kitu, maana Saadi na kuswali nyumbani wapi na wapi?

Akampigia simu. Saadi akaja na kirikuu chake, akashuka, akaona karai, akaona unga, akaona ile nati kwenye kiganja cha mwenzake. Nilitegemea atakana. Akaangua kicheko.

"Wameninasa! Mjomba kaja na unga!" Akafungua kiboksi cha mbele cha gari lake, akatoa nati ya Abdulazizi na washa yake, zimefungwa vizuri kwenye karatasi. "Hii hapa, nimekutunzia. Ningekurudishia Jumapili. Utani, mtani wangu!"

"Siku tatu ulilala na mie hapa chini," Abdulazizi akasema.

"Ndio utamu wa utani!"

"Ukala kuku wa Habiba."

"Mtamu, mashallah."

Sikilizeni, mie nimetania watu maisha yangu yote, nimewahi kuondoka na suruali ya imamu kwenye kamba. Lakini niliichukua mchana, imamu anaiangalia. Mtani huchukua mbele ya macho. Anayechukua ukiwa umesujudu ana jina lingine. Nikataka kumwambia hivyo, ila Abdulazizi alikuwa ameshaingia chini ya gari. Akafunga nati yake, akaikaza, akarudishia oili. Saadi akabaki anazungumza na miguu miwili ya mwenzake iliyochungulia.

Jumamosi tukafika Nyamisati na mapema. Mwanaharusi akashangaa kutuona, lakini alikuwa mtu wa ahadi, akatandika boksi. Tukanywa chai. Akainama, akalivuta. Kavu, kama limetoka dukani leo.

Akaliangalia muda mrefu. "Mwanangu, kwa nini basi ulimtuma mwenzako?"

"Nani?"

"Saadi. Alinipigia Alhamisi. Akasema giaboksi yako imeshushwa, na wewe mwenyewe umemwomba akushikie kazi. Nimeshapeana naye mkono. Mzigo wa kwanza amepakia alfajiri."

Nikafungua mdomo. Abdulazizi akanikanyaga mguu, na ana mguu wa kukatia boriti. Kwetu mtani hashtakiwi kwa mtu wa nje. Ukimshtaki umejivua nguo wewe. Na Saadi aliijua sheria hiyo vizuri kuliko sala zake.

"Ni kweli, mama," Abdulazizi akasema. "Tulikosea kuipima. Gari lilikuwa na nati mbovu tu."

Njia nzima ya kurudi aliendesha, macho barabarani. Mie ndiye niliyesema, mpaka nikachoka kujisikia, na mnajua hilo halijawahi kutokea.

Akarudia nazi na magodoro. Saadi akapaka kirikuu chake rangi mpya. Walipokutana stendi Saadi akapaza sauti, "Hujafa tu, wewe?" Abdulazizi akasimama, akaweka mkono kifuani. "Assalaam alaykum, bwana Saadi. Nyumbani hawajambo?" Nilimwona Saadi akicheka, kisha akiacha kucheka.

Miezi mitatu baadaye dada yangu Mwantum akafariki. Saadi akaja, kama mtani anavyopaswa kuja. Siku ya hitma, watu wamejaa uani, akaruka kwenye mafiga, akanyakua sufuria la nyama na upawa wake, akatoka nalo mbio huku akipiga kelele kwamba marehemu anadaiwa naye uji wa jandoni. Hapo ndipo wanawake hutoka na michi, wanamkimbiza kwa matusi na vicheko, wanamkomboa marehemu na deni lake la utani, na msiba unapungua uzito.

Wanawake wakamtazama Abdulazizi. Abdulazizi akaendelea kuwakaribisha wageni. Habiba akaenda bandani kukamata kuku wengine.

Mie nilikuwa mlangoni. Saadi alikuwa amesimama barabarani, sufuria linamchoma mikono, anageuka nyuma kuangalia nani anakuja na mchi, anapiga hatua mbili, anageuka tena. Bodaboda zinampita. Alisimama hapo hadi nyama ikapoa.