Gari la Watoto Wawili

Daktari Kerubo alikuwa mtoto wa saba wa mama aliyezaa tisa huko Nyamira, na mama huyo hakuacha kumkumbusha jambo hilo kwa simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Hiyo dawa yako ingefika kwetu mapema," mama alipenda kusema, "wewe ungekuwa wapi? Ningefunga hesabu kwa dada yako Moraa."

"Mama, dawa si ya kuzuia watu kuzaliwa. Ni ya kupanga."

"Haya. Na wewe unapanga mpaka lini?"

Hapo mtandao wa Juba, Sudan Kusini, alikofanya kazi, ulikuwa na tabia ya kukatika, ingawa dakika moja kabla ulikuwa mzima kabisa. Kerubo alikuwa na miaka arobaini na moja, hakuwa na mtoto, na hakuona kama hilo lilikuwa swali la utafiti.

Alipomaliza udaktari Nairobi, wenzake walikimbilia moyo na upasuaji, mahali ambapo ndugu hupata cha kujivunia harusini. Yeye alichagua homoni. Miaka mingi alikaa maabara na panya, na panya hao walizaa kwa mpangilio kuliko binadamu yeyote aliyemfahamu. Katika sherehe za ukoo wajomba walimtambulisha hivi: "Huyu ni daktari wa wanawake, lakini si wa kuzalisha." Watu walipiga makofi ya kumpa pole.

Kilichomleta Juba ni swali moja. Wanawake walifika kliniki kwa hiari yao, wakawekewa kijiti, kile kitu chembamba kama njiti ya kiberiti kinachofichwa chini ya ngozi ya mkono ili kuzuia mimba kwa miaka kadhaa. Kisha, hata mwaka haujaisha, walirudi wakitaka kitolewe. Kwa nini? Kerubo aliandaa utafiti ambao kiini chake kilikuwa kumtembelea kila mwanamke nyumbani kwake na kumsikiliza. Alipoueleza Nairobi, maprofesa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyeuliza angefika nyumbani hapo kwa usafiri gani.

Usafiri ulikuwa wa Cyril. Cyril, Mkenya mwenzake, alikuwa mkurugenzi wa mradi, na imani yake ilikuwa moja: mfadhili asipotuona, hatupo. Alibandika nembo ya mfadhili kwenye viti, kwenye chupa za chai, hata kwenye mlango wa choo, ili mtu ajue anajisaidia kwa msaada wa nani. Lakini fahari yake ilikuwa Land Cruiser nyeupe iliyochorwa ubavuni, pande zote mbili, baba, mama na watoto wawili waliokenua meno kama watu wa tangazo la dawa ya mswaki. Chini yake maandishi mekundu yalisema: NAFASI KATI YA MTOTO NA MTOTO. Asiyejua kusoma alisoma picha. Juba nzima ililiita gari la watoto wawili.

Siku moja gari hilo liliingia mtaa wa Mangateen. Watoto walilikimbilia wakipiga kelele, "Gari ya wawili! Gari ya wawili!" Isaiah, dereva, akawajibu kwa honi, maana alikuwa mtu wa adabu. Akaliegesha mbele ya kibanda cha chai cha Milly, likaziba kibanda chote ikabaki birika tu.

Milly alikuwa na watoto watano, na wa mwisho alikuwa bado hajatembea. Kujifungua huyo kulimmaliza damu karibu yote, na madaktari walimwonya kwamba mimba nyingine ya karibu ingeweza kumuua; ndipo akawekewa kijiti. Mumewe, Chuol, alikuwa safarini na malori kwenye barabara ya Nimule. Nyumba ilitawaliwa na mama yake Chuol, ambaye kijiti hakukijua na hakutakiwa kukijua. Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya karanga.

"Hii gari ya watoto wawili inatafuta nani hapa?" aliuliza, kwa Kiswahili alichokiokota kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya.

"Ni utafiti, mama," Kerubo alijibu kwa heshima zote. "Tunaongea na akina mama kwa siri."

Neno siri alilazimika kulipaza, kwa kuwa Isaiah hakuzima injini. Kiyoyozi kilihitaji injini.

Waliingia nyuma ya pazia la kitenge. Kerubo alitoa kalamu na kusoma swali alilolitunga mwenyewe kwa uangalifu mkubwa: "Tangu uwekewe kijiti, kuna jambo lolote linalokufanya ujisikie huna uhuru?"

Milly aliangalia pazia. Upande wa pili, karanga zilikuwa zimeacha kumenywa.

"Mimi iko sawa, doktora."

Kerubo akaandika: yuko sawa.

Wiki iliyofuata aliyekuwa sawa alifika kliniki mwenyewe, akakunja mkono wa gauni na kusema, "Toa."

"Kwa nini, Milly?"

"Kichwa inauma."

Wote waliotaka kutolewa walisema hivyo, nusu yao wakiwa wametabasamu. Lakini huyu Kerubo alimjua. "Uliambiwa nini ulipomzaa huyu mtoto?"

"Nikibeba ingine haraka, mimi nakufa."

"Basi?"

"Basi kichwa inauma."

Kerubo alimpa vidonge vya maumivu na kumwomba arudi Jumatatu. Milly alivipokea kama mtu aliyeomba maji akapewa picha ya mto.

Cyril, kwa upande wake, alifurahi mno. "Maumivu ya kichwa! Daktari, hayo ndiyo matokeo! Wiki ijayo wafadhili wako hotelini. Tunaomba mradi wa vichwa." Tayari alikuwa ameanza kufikiria mchoro wa kichwa ubavuni mwa gari la pili.

Jumamosi simu ya Kerubo ililia. Alikuwa Cheryl, mke wa Cyril, aliyekuja kutoka Nairobi kumtembelea mumewe.

"Daktari, kijiti changu kimepita muda. Unaweza kuja kunibadilishia hapa nyumbani?"

"Hakuna shida. Nitamwambia Isaiah anilete."

"Na ile gari?" Cheryl alipandisha sauti, kisha akaishusha. "La, daktari, tafadhali! Hapa tunaishi na watu wa kanisa. Na mama mkwe wangu nimekuja naye. Panda hata bodaboda, nitakulipia."

Kerubo alicheka sana. Alicheka mpaka alipokata simu, kisha akaacha kucheka.

Alirudi ofisini akaweka siku za ziara zake kando ya siku ambazo vijiti vilitolewa. Hakuhitaji hesabu ngumu. Alikotembelea, vijiti vilifuata kutoka kama nyuki waliochokozwa. Wanawake wa Gumbo, ng'ambo ya daraja, ambako gari lilinasa kwenye matope msimu mzima wa mvua, walikuwa bado na vijiti vyao na vichwa visivyouma. Matope yaliwatunzia siri kuliko yeye. Mtafiti aliyetumwa kuuliza kwa nini wanawake wanaacha alikuwa amewaachisha, nyumba kwa nyumba, kwa honi.

Jumatatu Milly alirudi. Kerubo hakuchukua kalamu.

"Nani aliona gari, Milly?"

Milly alimtazama kama anayepima akili zake. "Nani hakuona? Umesimamisha gari ya watoto wawili kwa mlango ya mtu ya watoto tano. Mama ya Chuol alishika mkono yangu, akafinya, akapata hiyo kitu. Amesema nikirudi nayo leo, nirudi kwa watu yetu kule Yei. Watoto wabaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliuliza na kalamu, na yeye iko nyuma ya pazia. Nisema nini? Malesh, samahani, doktora. Kichwa ndiyo ilikuwa karibu."

Kerubo, msomi wa homoni, alinawa mikono. Alikitoa kijiti, akakifunga kwenye pamba ili mama mkwe aonyeshwe na aridhike. Kisha akamweleza Milly kuhusu sindano inayokinga kwa miezi mitatu, isiyoacha kitu cha kufinywa. Ingeweza kuchomwa palepale kliniki, siku ya kumpima mtoto uzito.

"Uzito ya mtoto nani atakataa?" Milly alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka mpaka macho yakahusika. Sindano ya kwanza ilichomwa kabla kicheko hakijaisha. Katika utafiti alihesabiwa kuwa ameacha.

Hotelini, mbele ya wafadhili na sahani za sambusa, Kerubo alisimama akasema wazi: "Sababu kubwa ya wanawake kutoa vijiti si kichwa. Ni gari letu. Na aliyelipeleka ni mimi."

Cyril aliinamia sambusa kana kwamba ameangusha kitu ndani yake. Lakini wafadhili walipenda. Waliandika. Walitikisa vichwa kama maprofesa wa Nairobi. Kabla mwezi haujaisha walitoa mradi mpya wa kutunza siri za akina mama na, kwa moyo mkunjufu, gari jipya la kuufanyia kazi. Cyril alilichora haraka. Safari hii hakuweka watoto. Aliweka mwanamke aliyeziba mdomo kwa kidole, na maandishi yaliyosomeka kutoka daraja la Juba: TUNATUNZA SIRI YAKO.

"Si ulisema siri?" alimuuliza Kerubo, akiwa ameumia kweli.

Kerubo hakulipanda hata siku moja. Alinunua kikapu akaanza kufika Mangateen kwa bodaboda, kama Mkenya yeyote anayefuata bamia na samaki wakavu. Alikunywa chai kwa Milly, akiona kwa macho tu kwamba tumbo la Milly lilikuwa bapa na rangi yake imerudi. Mama yake Chuol akamzoea, akiamini tu kwamba Wakenya wanakula bamia kupita kiasi.

Siku moja bibi huyo alisogeza kigoda chake. Tangu mambo ya kijiti alikuwa amejizoeza kufinya mkono wa kila mwanamke aliyekunywa chai pale, mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua maparachichi. Mkono wake ukatua kwenye shati la mikono mirefu la Kerubo, juu kidogo ya kiwiko, ukaanza kupanda.

Kerubo aliuvuta mkono wake haraka. Kidole kimoja zaidi kingefika kwenye kijiti chake mwenyewe. Katika kazi yake yote ya kuwauliza wanawake kama wanajisikia huru, hakuwahi kuulizwa yeye.

"Wewe mkubwa hivi, watoto wako wapi?" mama yake Chuol aliuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kwa nini huzai?"

Nyuma ya birika, Milly aliacha kumimina chai, akasubiri.

"Kichwa, mama," alisema Daktari Kerubo. "Kichwa kinaniuma sana."