Maji ya Chumvi Nyumbani kwa Hakimu

Jumamosi ile jumuiya iliiruka nyumba ya Mwalimu Apolonia kama mtu anavyoruka dimbwi. Wiki iliyotangulia walikuwa wamesali kwa mzee Augustine, jirani wa kushoto, kwa hiyo zamu hii ilikuwa ya Mwalimu. Alikwisha kupanga viti, alikwisha kukaanga maandazi. Saa kumi jioni akasikia nyimbo zikitoka nyumba ya kulia. Walikuwa wakiimba vizuri, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Alivaa viatu akawafuata. Hakuketi. Aliuliza, kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani, kama ratiba imebadilishwa. Watu wazima kumi na wawili wakainamia rozari zao. Mwenyekiti, Mama Eufrazia, akamvuta barazani na kumweleza kwa kuzungukazunguka: watu wanaogopa. Mwalimu ameonekana alfajiri, peke yake, na gauni lake jeusi, akichota maji ya bahari kwa ndoo. Nani Mbweni hii asiyejua maji hayo huchotwa kwa kazi gani? Ya kuogea nuksi, au ya kufugia jini. Tena inasemekana sebuleni mwake kuna samaki ambaye wiki mbili sasa hajala, kidevu kimemvimba, na hafi.

"Nani kasema?"

"Mwalimu, mie sitaki kuchonganisha ndugu."

Neno ndugu lilitosha. Habari za samaki yule Apolonia alikuwa amemweleza mtu mmoja tu.

Apolonia alirudi nyumbani. Marehemu mumewe, Erasmus Mapunda, alikuwa hakimu kwa miaka thelathini na hakupokea hata kuku wa mtu. Alipostaafu alinunua tangi la kioo na samaki kumi ambao wauzaji huwaita kadinali: wadogo, wa rangi ya fedha, wenye mistari myeusi, wapole, wasiogombana hata kwa chakula. Maji yao aliyachota baharini mwenyewe, asubuhi bahari ikiwa imejaa na haijavurugwa. Mtaa mzima ulimwona na kumsifu kwa elimu yake. Mwanamume akibeba ndoo huitwa mtaalamu. Mjane akibeba ndoo ileile huitwa mchawi.

Na samaki huyo asiyekula alikuwa baba. Kwa kadinali, jike hutaga, kidume huyachukua mayai mdomoni akakaa nayo karibu siku ishirini bila kuonja kitu. Apolonia alikuwa amemfafanulia yote hayo wifi yake Noela, mdogo wa marehemu, aliyetoka Kiwalani kuja kumliwaza mwezi ule. Noela aliitikia "ee, wifi" kila baada ya sentensi, kama mwanafunzi asiyeelewa na asiyetaka kuulizwa.

Sasa alimkuta mbele ya tangi, mikono imelowa hadi viwikoni. Alikuwa ameyakomba maji ya bahari hadi nusu na kuyamwaga bustanini, akajazia maji ya bomba, na juu yake chupa nzima ya maji ya baraka. Samaki walikuwa wamepanda juu wakitweta. Chini mchangani kulikuwa na bonge la mayai ya rangi ya chungwa, limepasuka. Baba alikuwa ameyatema. Ilikuwa siku ya kumi na sita.

"Nimekusaidia, wifi," alisema Noela. "Kaka angekuwepo angenishukuru."

"Kaka yako aliwafunga watu kwa pungufu ya hili."

Noela akaanza kulia. Apolonia hakumtazama. Alileta ndoo mbili, akamwambia avae sare yake ya kwaya, ile ya bluu yenye kola nyeupe, waende kuchota maji mengine, kwa sababu bahari ilikuwa inajaa na samaki hawangoji machozi. Na wangepita barabara ya mbele, si uchochoroni.

"Na sare? Watu watasema nini, wifi?"

"Watasema ulichowafundisha."

Wakaenda, Noela mbele na ndoo yake, Apolonia nyuma na ya kwake. Waliporudi, jumuiya ilikuwa ndiyo inatoka, wote wamejaa getini kwa jirani. Maji yalikuwa yakimchuruzikia Noela kwenye kola. Mama Eufrazia aliwapokea kwa macho tu, na macho yale yalikuwa swali. Apolonia akatua ndoo chini, akakunja mikono, akangoja. Hakumsaidia hata kwa kikohozi.

"Ni ya samaki," Noela alisema mwishowe, akiitazama lami. "Ya samaki tu. Mie ndiye niliyesema vile, na nilisema uongo."

Mama Eufrazia akasema haraka kwamba Jumamosi ijayo watasali kwa Mwalimu. Apolonia akamjibu kwamba zamu ilikuwa leo, na maandazi ya leo hayatangoja. Atakayekuja na aje sasa. Akainua ndoo yake. Walimfuata saba. Aliwahesabu, na watano waliobaki getini aliwaweka moyoni kwa majina.

Walikunywa chai mbele ya tangi huku yeye akibadilisha maji, kikombe baada ya kikombe. Samaki tisa wakatulia. Wa kumi, yule baba, alipotupiwa chakula aliibuka akaanza kula kwa pupa, na mzee Augustine akashangilia kwamba amepona.

Apolonia alimtazama akila, na hasira ikampanda upya. Baba yule asingekula kama angekuwa bado na watoto mdomoni.