Orofa Sita Upande wa Macheo

Mumbua alikaa Doha miaka minane, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulala chumbani peke yake, wala upweke haukuwahi kumpa likizo. Walikuwa wanawake wanne kwenye chumba kimoja katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, vitanda viwili vya kupandana, mapazia ya kanga yakiwatenga. Zamu zao hazikulingana. Mmoja akitoka kazini mwingine anaingia, kwa hiyo walijuana kwa migongo zaidi ya nyuso. Dirisha lilikuwepo, lakini lilitazama ukuta wa jengo la pili, karibu hivi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Mchana taa iliwaka. Usiku taa iliwaka. Mashine ya baridi ilinguruma bila kupumzika.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, chini kabisa ya ardhi, kupiga pasi mashuka na foronya. Alianza kama kibarua wa kukunja, akapanda hadi kusimamia zamu ya asubuhi. Ikifika alasiri alipanda basi la wafanyakazi, akashuka karibu na bakala, duka dogo la vyakula la Mhindi mmoja, akanunua karak, chai nzito ya maziwa na iliki, akakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Hapo ndipo simu ilipolia kila siku. Saa za Doha na saa za nyumbani Kenya ni zile zile, jambo linalomfanya mtu ajidanganye kwamba hayuko mbali.

Aliyempigia alikuwa jirani yake, Jerusha. Nyumbani wao wawili hawakuitana kwa majina. Mumbua alikuwa Mama Lenny kwa sababu ya mwanawe, naye Jerusha alikuwa Mama Chelsea kwa sababu ya bintiye. Walinunua ploti zilizopakana katika mtaa wa Mikaratusi, pembeni mwa mji mmoja wa nyanda za juu, wakajenga mwaka mmoja, na wakafiwa na waume zao miaka miwili ikifuatana. Mumbua alipoondoka kwenda Uarabuni alimwachia Jerusha funguo. Tangu hapo Jerusha aliingia nyumba ile kila asubuhi, akafungua madirisha ili isinuke uvundo, akafagia, jioni akafunga.

"Mama Lenny, leo mvua imenyesha ya mawe," angesema. "Ngoja usikie."

Kisha angetembea na simu hadi jikoni kwa Mumbua, aiweke dirishani na kunyamaza. Mumbua, ameketi kwenye joto la Doha na kikombe mkononi, angesikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati lake mwenyewe.

Dirisha lile la jikoni ndilo alilolipenda kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki. Lilitazama macheo. Marehemu mumewe, Paul, alilipanua kinyume cha ramani, akisema mwanamke anayeamka kabla ya watu wote anastahili kuliona jua kabla ya watu wote. Kabla Mumbua hajasafiri, manispaa iliwaita wakaazi wapige kura kuhusu ujenzi, kwa kuwa miji jirani ilikuwa imekwisha kumezwa na magorofa. Mumbua na Jerusha walipanga foleni pamoja, wakagawana mwavuli mmoja. Mtaa ukaamua: nyumba moja kwa kila ploti, isizidi orofa mbili. Hilo likawa sheria ndogo ya mji.

Siku moja, akiwa pale pale kwenye ngazi, Mumbua alifungua kundi la WhatsApp la mtaa. Mwenyekiti wa wakaazi, mzee Githinji, alikuwa ametuma picha ya bango jipya lililopigiliwa kwenye ua. Manispaa imeidhinisha, bango lilisema, nyumba za kupanga, orofa sita. Mumbua aliitambua bougainvillea iliyokuwa nyuma ya bango. Ulikuwa ua wa Jerusha. Upande wa macheo.

Jana yake tu walikuwa wamezungumza. Hakuambiwa neno.

Siku hiyo yeye ndiye aliyepiga.

"Mama Chelsea, nimeona picha."

"Nilikuwa nikitafuta jinsi ya kukuambia."

"Si tulipiga kura pamoja, wewe na mimi?"

"Tulipiga. Wakati ule nyumba yangu ilikuwa imejaa watu." Sauti ya Jerusha haikupanda. "Sasa nina vyumba vinne na mimi mmoja. Nikikohoa nasikia kikohozi kikinirudia kutoka ukutani. Mwezi uliopita niliteleza bafuni, nikalala pale chini mpaka nikapata nguvu ya kujiinua. Nani angejua? Mwekezaji amekuja, manispaa imesema inawezekana. Nataka kusikia watu wakipanda ngazi, Mama Lenny. Nataka mtoto wa mtu anigongee akiomba chumvi."

Mumbua alitaka kusema kwamba alikuwa na watu wakipanda ngazi usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kumwomba chumvi. Akasema tu, "Utanizibia jua."

"Jua lipi?" Jerusha akauliza, pole pole, bila ubaya. "Nani analiota?"

Wakaagana. Kesho yake Jerusha alipiga kama kawaida, wakazungumzia bei ya vitunguu na harusi ya Chelsea, na hakuna aliyegusa habari ya orofa. Ikawa hivyo kwa majuma. Mazungumzo yakawa kama nguo yenye tundu ambayo wote wawili wanaikunja kwa namna ya kuficha tundu.

Wakaazi walienda kortini. Hawakumshtaki Jerusha, walimshtaki aliyetoa kibali, yaani manispaa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kilichoamuliwa na wapiga kura hakiwezi kufutwa na afisa ofisini. Wakili wao, Gakii, alihitaji shahidi ambaye kivuli cha jengo hilo kitamwangukia moja kwa moja. Nyumba iliyopakana ilikuwa moja tu.

"Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," Githinji alimwambia Mumbua kwa simu. "Sasa sisi tunataka uwepo, mama. Korti siku hizi inasikiliza watu kwa video. Huhitaji hata kupanda ndege."

"Na Jerusha je?"

"Jerusha ni dada yetu. Kesi ni ya manispaa."

Mumbua alilala akitazama mbao za kitanda cha juu yake, umbali wa mkono mmoja. Fiona, Mganda wa Jinja aliyekuwa mlinzi katika hoteli nyingine na aliyelala kitanda hicho cha juu, alimsikia akigeuka geuka. Walikuwa na siku moja ya mapumziko iliyolingana, bahati ya nadra, kwa hiyo wakaongea.

"Dada, hiyo nyumba utairudia lini?"

"Nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

Lenny alikwisha kumaliza masomo, yuko Mombasa na kazi yake. Lakini Mumbua alijua kwamba kila alipofumba macho kwenye chumba kile kisicho na asubuhi, alisimama mbele ya dirisha la Paul. Likizibwa, atasimama wapi? Akampigia Gakii, akakubali. Hakumwambia Jerusha. Jioni zote zilizofuata alidhamiria kumwambia, na jioni zote akaishia kuuliza kama mvua imenyesha.

Siku ya kesi, Fabian, Mkenya aliyekuwa msimamizi wa idara yao, alimfungulia chumba cha kuwekea sare ili apate utulivu. "Nitakaa mlangoni," alisema. "Wakiuliza, nitasema unahesabu kofia." Mumbua alibandua kibandiko cha jina kifuani, akaegemeza simu kwenye rundo la makoti ya wapishi, akajifunika leso mabegani ili asionekane mtu wa sare.

Nyuso zilijipanga kwenye kioo: jaji, mawakili, Githinji aliyevaa tai. Na katika kona ya chini, Jerusha, aliyehudhuria kama mwenye ploti, miwani mkononi, ameinama karibu sana na simu kama mtu anayechungulia kisimani. Alipomwona Mumbua, uso wake haukubadilika mara moja. Kwanza alitabasamu, tabasamu la kila jioni. Kisha Gakii akasema, "Huyu ni shahidi wetu wa tatu," na tabasamu likabaki pale kidogo bila mwenyewe, likaondoka.

Mumbua alieleza vizuri. Alieleza kura, mwavuli, dirisha, jua. Kisha wakili wa manispaa, kijana mpole mwenye sauti ya kuhurumia, akapewa nafasi.

"Shahidi, unaishi wapi?"

"Mikaratusi."

"Hivi sasa uko wapi?"

"Doha."

"Mara ya mwisho ulilala katika nyumba hiyo lini?"

"Desemba, mwaka juzi. Nilipewa likizo."

"Nyumba iliyofungwa miaka yote hiyo ingekuwa imeoza. Nani anaifungua?"

"Jirani yangu."

"Jirani yupi?"

Mashine kubwa za kufulia zilikuwa zikizunguka upande wa pili wa ukuta. Mumbua alizisikia moja moja.

"Jerusha," alisema.

"Huyu huyu ambaye umekuja kumzuia asijenge?"

"Ndiyo."

"Sina swali lingine."

Sasa Jerusha alikuwa amevaa miwani. Kisha kisanduku chake kikawa cheusi. Labda mtandao, labda kidole.

Jioni hiyo Mumbua alikaa kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. Simu haikulia. Kesho yake haikulia. Alipiga yeye, ikaita mpaka ikachoka. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi: "Mama Chelsea, nisamehe." Alama mbili za samawati zikaonyesha umesomwa.

Hukumu ilitoka wakati wa baridi ya Doha, ile baridi ndogo inayowafanya watu watoe makoti kwa furaha. Jaji alisema kura ya wakaazi haikuwa maoni bali uamuzi, na manispaa ikitaka kuubadilisha, irudi kwa wapiga kura. Kibali kikafutwa. Kundi la WhatsApp la mtaa likajaa vijipicha vya ngoma na mikono iliyokunjwa ya kusali. Mtu alituma video, watu wakiimba nje ya korti, Githinji akibebwa juu juu. Mumbua aliitazama akiwa amesimama kando ya mashine ya pasi. Alijitafuta katika video hiyo, ingawa alijua hayumo. Hakuna aliyemtaja mpaka jioni, Gakii alipoandika, "Na asante kwa shahidi wetu wa ng'ambo." Jina hakuliandika; neno ng'ambo lilitosha.

Chini ya video, mke wa Githinji alikuwa ameandika: "Mama Lenny, funguo zako ziko kwetu. Mama Chelsea amezileta. Amehama."

Alipopata likizo alikwenda. Hakuanzia Mikaratusi. Alishukia Thika, alikokuwa akiishi Chelsea na mumewe, akapanda ngazi za jengo refu mpaka orofa ya nne, akagonga. Jerusha mwenyewe alifungua. Alikuwa amekonda kidogo, lakini mavazi yake yalikuwa ya mtu aliyetunzwa.

"Karibu," alisema. "Keti."

Alimkaribisha sebuleni. Alimletea chai kwenye trei, vikombe vya wageni, sukari katika bakuli lake, kijiko kando. Kwa miaka yote Mumbua alikuwa akijipakulia katika sufuria ya mwanamke huyu bila kuuliza. Akaikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Nilikosea," akasema.

"Ulisema kweli, Mama Lenny. Kweli haina kosa." Jerusha alikunja leso magotini. "Nilikuficha bango, nawe ukanificha korti. Lakini mimi nilikuficha siku chache. Wewe nilikupigia kila jioni, ukaniuliza mvua."

Mumbua aliinamisha kichwa.

Nje, watoto waliporomoka ngazi wakipiga kelele, mlango ukabamizwa, mwanamke akafoka kwa jina la mmoja wao. Jerusha aliinua kidole. Macho yake yaling'aa kwa mara ya kwanza. "Unasikia? Hapa hata nikianguka, mtu atajua."

Walimaliza chai. Jerusha alimsindikiza mpaka ngazi za kwanza tu, kwa sababu ya magoti, wakashikana mikono kwa heshima. Tangu siku hiyo huandikiana siku za sikukuu. Heri ya Krismasi, Mungu akuweke.

Mikaratusi, Mumbua alikuta nyumba inanuka uvundo. Alifungua madirisha, akafagia, akalala kitanda chake mwenyewe, chumba chake mwenyewe. Alfajiri alikwenda jikoni na kusubiri. Jua likachomoza juu ya nyumba tupu ya jirani, likaingia, likatandaza mwanga juu ya sinki, sakafu, mikono yake. Lilikuwa zuri kama alivyolikumbuka. Alitafuta mtu wa kumwambia. Alimpigia Lenny. "Mum, niko kwa mkutano," Lenny alinong'ona, "nitakupigia." Githinji alipita akamsalimu langoni, akamwambia wameshinda vita, akaendelea na safari yake.

Asubuhi ya nne hakwenda jikoni. Asubuhi ya tano alitafuta namna ya kubadilisha tiketi.

"Mbona mapema?" Fabian alimwuliza alipomwona chumba cha dobi kabla ya likizo kuisha. "Nyumbani kumekuwaje?"

"Kuzuri," Mumbua akasema. "Kumetulia sana."

Mwezi uliofuata aliitwa ofisini kuulizwa kama angependa kuongeza mkataba. Alikubali kabla karani hajamaliza swali, kisha akashuka chini kuendelea na mashuka, ambayo yalikuwa bado na joto.