Nilinyamaza Mama Wafula Alipoitwa Mwongo

Nimekosa. Wacha nianze hapo, maana nikianza na sababu nitajitetea, na mimi sina haki ya kujitetea. Barua hii nimeiandika mara nne nikaifuta. Leo naituma vile ilivyo. Mkitaka kunitukana, nitukaneni.

Naishi Umoja, nina miaka thelathini na mbili, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo hapo Makadara, ofisi iko juu ya duka la simiti na mabati. Tulikuwa na mfumo wa kuita ambulensi. Wale akina mama wahudumu wa afya wanaozunguka nyumba kwa nyumba walipewa simu zenye kitufe chekundu. Mhudumu akibonyeza, ujumbe unaingia kwa seva yetu, seva inautuma kwa skrini ya madereva, gari linatoka.

Seva hiyo iliandikwa na dada mmoja, nitamwita Akoth. Aliiandika kwa lugha inayoitwa Erlang. Kwa wasioijua, ni hivi: kila simu ikijiunganisha na seva, inapewa mhudumu wake mdogo ndani ya kompyuta, yaani kijiprogramu tu, siyo mtu. Mhudumu huyo akikwama, anaachwa afe, na msimamizi wake anaamsha mwingine mzima papo hapo. Simu ikiona imekatwa, inajiunganisha tena na kutuma ujumbe upya, mpaka ijibiwe.

"Wacha ife," Akoth alikuwa akiniambia. "Ikikufa tunajua. Ikijifanya iko hai ndio shida."

Halafu Akoth akapata kazi kwingine. Seva ikaachwa mikononi mwangu.

Mtandao wa mtaa wa Huruma, walikozunguka wale akina mama, mnaujua. Zile fleti zimebanana, simu inashika hapa, hatua mbili inapotea. Laini zetu zilikuwa zikikatika siku nzima, na kila ikikatika, alama nyekundu inawaka kwenye skrini kubwa ya ofisi. Siku moja wageni walikuja kuona mfumo wetu, wakakuta nusu ya skrini ni nyekundu. Walipoondoka bosi alinijia amefura.

"Hii kitu inakufa kila saa! Watu wanatuonaje? Mimi nataka kijani. Umenisikia? Kijani!"

Kazi ya kweli ilikuwa kukaa chini nitafute ni kwa nini laini zinakatika, halafu nizisaidie kurudi haraka. Kazi ya wiki kadhaa. Mimi nikachukua njia ya mkato ya siku mbili. Nikaandika mistari michache inayomeza kila hitilafu, hata itokee nini, ili yule mhudumu wa ndani asife kamwe. Tena nikafanya lingine baya zaidi. Simu zilikuwa zikichelewa kujibiwa, kwa hiyo nikaisogeza hatua ya kujibu "imepokelewa" ikaja mwanzo kabisa, kabla ujumbe haujafika kwa madereva.

Skrini ikawa kijani tupu! Bosi akatununulia nyama choma ofisi nzima. Akanipiga mgongoni mbele ya watu. Jamani, nilijiona mtu.

Nikampigia Akoth nijigambe.

"Hitilafu zote unazishika?" akauliza. "Na ukishazishika unazipeleka wapi?"

"Sizipeleki popote. Zinaisha hapo."

Akoth akaniambia, "Buda, rudisha vile ilikuwa. Leo. Nakuomba."

Nilicheka. Nikamwambia ana wivu. Wivu! Mtu anakuomba usiue watu, wewe unamwambia ana wivu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Huruma, ghorofa ya tatu, mama mmoja kijana aitwaye Zainabu alijifungua ghafla nyumbani. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mama ikakataa kusimama. Aliyekuwa naye ni Mama Wafula, mhudumu wa afya wa hapo, mama wa makamo kutoka Bungoma aliyezunguka zile ngazi miaka mingi kuliko mimi nilivyofanya kazi yoyote. Alibonyeza kitufe. Simu ikaandika "imepokelewa". Akamwambia mume wa Zainabu, "Gari linakuja, baba, tulia."

Hakuna gari lililokuja.

Walingoja. Mwishowe wanaume wa ploti, majirani wa jengo lile, wakamteremsha Zainabu ndani ya blanketi, wakampakia kwenye mkokoteni wa maji. Alikata roho barabarani, kabla ya kufika hospitali.

Na mimi wakati huo nilikuwa mezani nakunywa chai, skrini imenitazama ikiwa kijani.

Kikao kiliitwa siku ya tatu, ofisini kwetu. Mume wa Zainabu alikaa karibu na mlango. Mama Wafula alikuja amevaa aproni yake ya kazi, imepigwa pasi. Bosi akaniambia nisome kumbukumbu za seva. Nikasoma. Simu ya Mama Wafula ilikuwa imeunganishwa asubuhi yote. Ujumbe wa dharura kutoka kwake, hakuna.

"Nilibonyeza," Mama Wafula akasema. "Mwanangu, nilibonyeza mara tatu. Na ikaniandikia imepokelewa."

Alinigeukia mimi. Siyo bosi, mimi.

Wasomaji, sitawadanganya. Dakika ile nilijua. Sikuwa na ushahidi, lakini maneno ya Akoth yalinijia moja kwa moja. Ningesema tu, "Ngojeni nikague." Neno dogo namna hiyo!

Nikasema, "Mashine haidanganyi, mama."

Mume wa Zainabu alinyanyuka, akatoka nje bila kumwangalia mtu. Mama Wafula alinyang'anywa simu na aproni siku hiyo hiyo.

Wiki mbili baadaye nilijifungia na ile seva nikaijaribu. Nikapata kila kitu. Kumbukumbu za yule msimamizi wa ndani ya seva, ambazo sikuzisoma kikaoni, zilionyesha kuwa asubuhi ile sehemu inayopeleka ujumbe kwa madereva ilikuwa imeanguka, na msimamizi alikuwa anaiamsha. Sekunde chache tu, halafu ikaanguka tena, ikaamka tena. Kila mara Mama Wafula alipobonyeza, ujumbe ulifika kwetu, ukajibiwa "imepokelewa", ukakosa pa kwenda, na ile mistari yangu ikaumeza. Haukuandikwa hata kwenye kumbukumbu. Kama ningeiacha vile Akoth alivyoiandika, laini ingekatika, alama nyekundu ingewaka, na simu ingetuma tena na tena mpaka dereva aone.

Nikarudisha kila kitu kama zamani. Kimya kimya! Nikamweleza bosi peke yake. Akafunga mlango. "Aliyekufa amekufa," akaniambia. "Ukifungua mdomo, hawa wote watakosa kazi." Nikakubali. Nilikubali haraka sana, kama mtu aliyekuwa akingojea kuambiwa hivyo.

Niliacha kazi baada ya miezi michache. Nilidhani nikiondoka nitalala. Mwaka mmoja na zaidi ukapita, silali. Basi nikaanza kumtafuta Mama Wafula. Huruma walikuwa wamemchoka. Wanawake aliowasaidia kujifungua walikuwa wakimnyooshea kidole wakati wa kuchota maji. Alihamia kwa dada yake, Majengo, akawa anauza mboga za kukatwa kando ya njia ya kwenda soko la Gikomba.

Nilimkuta anakata sukuma wiki. Amekonda. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote, pole pole, kwa Kiswahili cha kawaida kama ninavyowaeleza nyinyi. Nililia. Nikamwambia, "Mama, ulibonyeza. Mara tatu. Mimi ndiye niliyeharibu."

Aliweka kisu chini. Nilitarajia anipige. Nilitamani anipige!

"Hapana, baba," akasema. "Usinifariji. Mimi sikubonyeza."

"Mama, ulibonyeza! Nimeijaribu seva, nimeona na macho yangu inavyomeza ujumbe."

"Nilishtuka ile damu, nikachanganyikiwa. Nimelifikiria sana. Nilidhani nimebonyeza, kumbe sikubonyeza. Zainabu, mtoto wa wenyewe, alikufa mikononi mwangu, na mimi nimeshika simu." Akachukua kisu. "Mungu anajua. Nenda nyumbani, baba. Usijisumbue na mimi."

Nimerudi kwake mara tatu. Nilimpelekea hata karatasi yenye kumbukumbu za seva za asubuhi ile. Anainama tu na kuendelea kukata mboga. Siku ya mwisho dada yake aliniomba nisirudi tena, eti nikiondoka mama hali chakula. Kwa mume wa Zainabu nilienda pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala begani, kisha akafunga mlango. Sijui nilitaka nini kwake.

Wewe unayefanya kazi kama yangu, na hata wewe usiyefanya, nakusihi: kitu kikiharibika, kiache kionekane kimeharibika. Usikipake rangi bosi afurahi. Na siku mtu mnyonge atakaposimama mbele ya watu aseme "nilifanya", na mashine iseme hakufanya, na wewe ndiye unayeijua hiyo mashine, sema hapo hapo. Usingoje upate ujasiri. Mimi nilipoupata, Mama Wafula alikuwa amekwisha kujihukumu mwenyewe, na hakuna kitu ninachoweza kumwambia sasa akaniamini.