Nyapara aliziba nafasi za reli, jua likamuumbua, uchawi akaubandika kwa baba

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, marahaba zenu nishaitika kabla hamjaniamkia. Mie mzee, na hapa siongezi chumvi.

Enzi za Mwingereza baba alikuwa kibarua shamba la mkonge Korogwe. Alisukuma troli, kale kagari kanakopita juu ya reli nyembamba. Tuliishi kambini; kazi ikienda, na chumba kinakwenda.

Kulikuwa na nyapara mmoja, lo! Alivyojipendekeza kwa meneja, unaona aibu wewe.

Meneja Mzungu alikuwa anakagua shamba amekaa kwenye troli, anasukumwa kama bibi harusi. Siku moja akalalamika kwamba maungio ya reli yanamrusharusha.

Nyapara akaona cheo hicho hapo. Asubuhi ya kipupwe, reli bado baridi, akaamuru zile nafasi kati ya chuma na chuma zigongelewe vipande vya chuma mpaka zikaze. Troli ikateleza vizuri, bwana mkubwa akatabasamu.

Mchana jua likawaka. Chuma kikipata joto kinatanuka, sasa kitanukie wapi?

Reli ikapinda, troli ikaruka, meneja akakalia miiba ya mkonge.

Nyapara hata hakupepesa macho, akamnyooshea baba kidole. "Huyu Mzigua wa Misima ndiye kairoga!" Eti kwa kuwa asubuhi baba alimjibu mkato.

Baba akafukuzwa siku ileile. Tukabeba mikeka na sufuria kurudi Misima, Handeni. Mama alilia njia nzima. Iliniuma, na bado inaniuma.

Yaliyofuata tulisimuliwa na wenzake baba. Reli ikanyooshwa, nafasi zikazibwa tena. Nyapara akaita watu mchana kweupe, akapanda troli mwenyewe waone kwamba mchawi kaondoka.

Ikapinda tena! Akatua mkongeni, kaptula ikabaki huko. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Sijui baba alirogaje kutoka Misima, maana siku hiyo alikuwa analima.

Meneja akamvua unyapara, akatuma mtu kumwita baba arudi kwenye troli yake. Baba akaegemea jembe.

"Mwambie huyo nyapara ndiye asukume. Mchawi ana mahindi ya kupalilia."

Wakuu, ukiweka reli au ukimwaga zege, acha nafasi ya kutanuka. Na kabla hujasema umerogwa, kashike chuma saa saba mchana.

Kama na mzazi wako alibebeshwa kesi ya jua, andika hapo chini. Wajukuu wa nyapara pia karibuni, ila msikalie miiba.