Shafti ya Milimita Hamsini

Chumba cha uchoraji, kule ghorofani, kiko kimya. Zamani mtu akipanda ngazi alimsikia mchoraji, waliyemwita Bi Milimita, akijisemea vipimo kama anayesali. Leo inasikika saa ya ukutani tu.

Wasiwasi ulimwingia wiki ambayo leseni ya programu ya zamani ya kuchorea ilikwisha na tajiri akagoma kuilipia. Kompyuta ikawekwa Linux, mfumo wa bure, naye akaambiwa achague programu yoyote ya bure, mradi mchoro wa shafti, mhimili wa pampu, ushuke karakana Ijumaa asubuhi. Chuma cha kazi hiyo kilikuwa kipande kimoja tu. Kikiharibika, hakuna kingine, na lawama angebeba nani kama si yeye?

Alijaribu mbili. Moja ilimtaka aiumbe shafti nzima kwanza, mfano wa mfinyanzi, ndipo imtolee mchoro. Ilikuwa na akili nyingi, ila kompyuta yake kuukuu ilihema, ikaganda. Ya pili ilichora mistari bapa, kama alivyozoea mezani. Akaichukua hiyo, roho juu juu.

Ijumaa shemeji yake, mkereza vyuma, aliupokea mchoro ukiwa bado na joto la printa.

"Umechora au umepiga ramli, shemeji?"

"Nenda zako huko!"

Alipobaki peke yake aliweka rula juu ya nakala. Mstari wa milimita mia ulikuwa na tisini na saba. Programu ilikuwa imeubana mchoro utoshe kwenye karatasi. Tarakimu zilikuwa sahihi, lakini shemeji yake hakuwa mtu wa kusoma tarakimu. Siku zote alifungua kalipa yake ya miguu miwili juu ya karatasi, kisha akakihamishia kipimo kwenye chuma.

Akashuka ngazi mbilimbili. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Zima! Shemeji, zima!"

"Kuna nini? Nimebakiza kidogo tu."

Mashine iliposimama akapima chuma mwenyewe. Hamsini na nusu.

"Ishia hamsini kamili. Usivuke."

"Karatasi inataka nyembamba zaidi."

"Karatasi imesinyaa. Fuata namba."

Mkereza alifuta mikono kwa kitambaa, akakawia kuifuta.

"Namba sizioni, shemeji. Mwaka wa tatu huu. Usimwambie tajiri."

"Ungeniambia mimi, basi! Nitakuwa nakusomea."

Bi Milimita bado anaitumia programu ile. Meza yake iko chini karakana, hatua nne kutoka mashine ya kukerezea.